Kusaka gemu za zamani kwenye masoko ya buti Uingereza: mwongozo kamili

Kuanzia Aprili hadi Oktoba, kila Jumapili alfajiri, viwanja vya shule, mashamba na maegesho ya Uingereza hujaa magari yaliyojipanga mistari, mabuti wazi, na mbele ya kila gari meza ya kukunja iliyosheheni vitu vya nyumbani. Wenyeji wanaita car boot sale. Hapa nitasema soko la buti. Muuzaji mara nyingi ni mtu wa kawaida tu: familia inayohama, babu anayepunguza mizigo darini, mama ambaye wanawe wamekwenda chuo na kuacha chumba kimejaa. Ndiyo maana masoko haya yanabaki kuwa mahali pa kwanza pa kusaka gemu za zamani. Kitu kinatoka mikononi mwa aliyekicheza utotoni, hakijapita kwa dalali, na mara nyingi waya zake zote zipo.

Mwongozo huu ni wa anayetaka gemu zinazofanya kazi, za kuchezwa, iwe hapa Uingereza au nyumbani Afrika Mashariki. Bahati ina nafasi yake, lakini anayerudi na kitu cha maana ni yule anayejua cha kuangalia ndani ya dakika mbili, amesimama kwenye nyasi zenye umande, huku mnunuzi mwingine akisubiri aiweke kanda (kipande cha plastiki chenye gemu, kinachochomekwa kwenye mashine) chini ili yeye aiokote. Kwa hiyo sehemu ya ukaguzi nimeirefusha makusudi.

Kwa nini Uingereza inatufaa

Soketi ya Uingereza ni ileile ya pini tatu bapa inayotumika Kenya, Uganda na Tanzania, na umeme unakaribiana, volti 230 hadi 240. Mashine ya gemu uliyonunua Leicester unaichomeka Kampala au Dar es Salaam bila kibadilisha umeme. Ya Marekani ni habari nyingine: adapta zake za zamani zimetengenezwa kwa volti 120, na ukiichomeka kwenye ukuta wa nyumbani inaungua. Mfumo wa picha pia ni mmoja, PAL, kwa hiyo hata TV kuukuu kabisa ya nyumbani itaonyesha rangi vizuri.

PAL ina gharama yake, na ni vizuri uijue mapema. Gemu za PAL za zama za kanda zinakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, wakati za Marekani na Japani ni 60. Pale watengenezaji hawakurekebisha, gemu inapungua kasi kwa karibu asilimia 17 na picha inabanwa na michirizi myeusi juu na chini. Sonic ya kwanza ya Mega Drive, mashine ya Sega, ni mfano unaojulikana sana. Hata muziki wake unakwenda taratibu. Aliyekua na toleo la Ulaya hatambui tofauti, aliyezoea la Marekani ataudhika. Kuanzia Dreamcast na GameCube gemu nyingi zinakupa chaguo la 60, na mashine za mkononi kama Game Boy hazina tatizo hili hata kidogo.

Neno kwa waliokua na zile mashine za kunakili Famicom (Nintendo ya Kijapani), zenye kanda za manjano zilizojaa mamia ya gemu: kanda hizo zina meno 60 ya chuma, na NES, yaani Famicom iliyouzwa Ulaya, inapokea kanda za meno 72. Usinunue NES ukitegemea kuchezea kanda ulizoacha kwa wazazi. Bila adapta hazitaingia.

Jua unachosaka kabla ya kutoka nyumbani

Miaka inasaidia kutambua kitu kwa mbali. Upande wa Ulaya, Mega Drive iliingia 1990 pamoja na Game Boy, Super Nintendo 1992, PlayStation 1995, Nintendo 64 mwaka 1997, Dreamcast 1999, PS2 mwishoni mwa 2000, GameCube na Xbox 2002. Kabla ya hizo Waingereza walicheza zaidi kwenye kompyuta za nyumbani, ZX Spectrum na Commodore 64, zote za 1982, ambazo gemu zake zinakuja kwenye kaseti zilezile za muziki. Kaseti hizo ni nyingi na rahisi, ila kuzipima uwanjani haiwezekani, kwa hiyo mimi huzichukulia kama kumbukumbu zaidi kuliko gemu za kucheza.

Gemu za mpira za kila mwaka, FIFA na wenzake, zilichapishwa kwa wingi mno, kwa hiyo hazina thamani ya soko. Chukua kama unataka kucheza. Zinazopanda bei ni zile zilizotoka mwishoni mwa uhai wa mashine, wakati watu walishahamia mpya, pamoja na gemu za kutisha na zile ndefu za hadithi. Conker's Bad Fur Day ilitoka 2001 kwa Nintendo 64 iliyokuwa ikielekea kuzimika. Leo kanda yake hutafutwa sana. Kwenye PS2 tazama Kuon. Pokémon za mashine yoyote huuzika, na kwa sababu hiyohiyo ndizo zinazoghushiwa kuliko zote.

Maboksi nayo yana siri yake. Gemu ya Mega Drive iliuzwa kwenye boksi gumu la plastiki, hivyo kuikuta kamili na kitabu chake ni jambo la kawaida. Super Nintendo na Nintendo 64 zilikuja kwenye boksi la karatasi ambalo watoto walilitupa siku ileile. Ukikuta boksi la karatasi la Super Nintendo limenyooka, simama, hata kama kanda haimo: lina wanunuzi wake.

Na usiipite Wii. Imejaa kwenye masoko haya na watu wanaiuza kwa bei ya kutupa. Wii ya mwanzo, yenye namba RVL-001 kwenye lebo yake, ina mifuniko ubavuni; ifungue utakuta matundu manne ya pedi za GameCube na mawili ya kadi za memori. Inacheza diski za GameCube bila kubadilisha chochote. Toleo la baadaye, RVL-101, liliondolewa uwezo huo. Vivyo hivyo PS2 inacheza diski za PlayStation ya kwanza, kwa hiyo mashine moja inakutosha kwa vizazi viwili.

Bei: tazama zilizouzwa, achana na zinazoombwa

Bei anayoiandika mtu eBay haikuambii kitu. Anaweza kuandika anachotaka. Fungua kichujio cha bidhaa zilizouzwa, angalia mauzo matano ya karibuni ya kitu hichohicho, cha PAL, katika hali hiyohiyo, kisha chukua ile ya katikati. Tovuti ya PriceCharting inatenganisha bei ya kanda tupu, iliyokamilika na boksi, na mpya. Maduka ya CeX, yanayouza gemu zilizotumika, yanaonyesha bei zao mtandaoni, na bei yao ni kikomo kizuri: kwa nini ulipe zaidi ya hapo shambani, mahali ambapo kitu hakijapimwa?

Ukinunua ili ucheze, kikomo chako ni bei ya kuuzwa ukiondoa ya posta. Ukinunua ili uuze tena, usivuke nusu, kwa sababu makato ya mtandao, posta na gemu zitakazogoma zitakula sehemu kubwa ya faida. Anayeuza tena ajue pia kwamba mapato ya biashara ndogo hadi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi hayatozwi kodi Uingereza; yakizidi hapo lazima ujisajili. Kinachohesabiwa ni mapato yote, kabla ya kutoa gharama.

Begi la kusakia

Tochi ndogo. Kitambaa laini cha miwani. Sarafu na noti za pauni 5, kwa sababu muuzaji wa saa 12 asubuhi hana chenji na noti ya 20 inakuvunjia mapatano. Betri za AA nne na AAA mbili: Game Boy ya mwanzo inakula AA nne, Game Boy Color na Advance AA mbili, Game Boy Pocket AAA mbili. Game Gear inataka sita, lakini sishauri kubeba sita kwa ajili yake, na sababu utaiona chini.

Chombo muhimu kuliko vyote ni mashine ya kupimia. Game Boy Advance SP iliyojaa chaji inasoma kanda za Game Boy, Game Boy Color na Advance, zote tatu. Ukiongeza DS Lite mfukoni, unapima pia za DS. Hapo mazungumzo na muuzaji yanabadilika kabisa: unaomba ruhusa, unachomeka, kanda inawaka au haiwaki, na hakuna wa kubahatisha. Mashine hizi hazijali kanda imetoka nchi gani, kwa hiyo hata ya Kijapani itawaka.

Siku yenyewe

Hakikisha tarehe jioni ya kuamkia, kwa kuwa mvua hufuta masoko mengi ya mashambani. Wauzaji huingia kwanza, kisha wanunuzi kwa kiingilio, na sehemu nyingi anayetaka kuingia mapema hulipa zaidi. Kwa gemu, malipo hayo yana maana, maana wachuuzi wa kazi hiyo hupita saa ya kwanza wakiwa na orodha kichwani. London kuna nafuu kwa wasiopenda kudamka: soko la Battersea hufanyika Jumapili mchana. Lile la Chiswick ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwenye uwanja wa shule.

Mzunguko wa kwanza nenda mbio. Usipekue, tazama tu: meza yenye midoli ya plastiki, mikoba ya DVD, rundo la waya, kompyuta kuukuu, mvulana wa miaka 20 aliyesaidia kubeba. Hizo ndizo dalili za nyumba iliyokuwa na gemu. Mzunguko wa pili ndio wa kuchakura. Fungua mikoba ya waya, chungulia chini ya meza, fungua kila kasha la DVD lisiloeleweka, na uulize kila mwenye dalili: "Kuna gemu zozote za zamani, hata zilizobaki nyumbani?" Swali hilo limenipa vitu vingi kuliko macho yangu. Watu wengi huleta nusu ya mizigo wiki hii na nusu wiki ijayo, wengine hawakudhani kuna anayezitaka.

Kukagua kanda

Ishike kanda ya Game Boy Advance na uigeuze uangalie mdomo wake, pale meno ya shaba yalipo. Mulika kwa tochi. Kwenye kanda halisi, juu kidogo ya meno, utasoma neno Nintendo limechapwa kwenye bodi. Sasa inamisha lebo ili mwanga uipige kwa ubavu. Utaona tarakimu mbili, mara nyingine pamoja na herufi, zimegandamizwa kwenye karatasi bila wino, kama mhuri mkavu. Kisha soma maandishi ya lebo: rangi iliyofifia, picha iliyokatwa vibaya pembeni, nembo ya Game Boy isiyokaa sawa kwenye plastiki. Ishara moja peke yake haitoshi kuihukumu kanda. Zikikutana mbili, irudishe mezani.

Pokémon zina vipimo vyake. Ruby, Sapphire na Emerald halisi zina plastiki ya rangi inayopitisha mwanga. Betri yake ikiisha, gemu inakuambia yenyewe ikiwaka kwamba betri ya ndani imekauka. Bado unacheza na kuhifadhi, saa tu ndiyo imesimama. Ukiuona ujumbe huo, furahi kwa sehemu, maana huo ni mwenendo wa kanda halisi ya umri wake. HeartGold na SoulSilver za DS zinaonekana nyeusi mkononi, lakini ukizielekeza kwenye mwanga mkali zinageuka nyekundu iliyokolea. Gold na Silver za Game Boy Color zinahifadhi mchezo kwa betri ya CR2025 ambayo pia inaendesha saa ya ndani, kwa hiyo huisha mapema kuliko za Red na Blue. Ipime hivi: anza mchezo mpya, hifadhi, zima kwa nusu dakika, washa. Ikiwa umepotea, punguza gharama ya betri kwenye bei utakayotoa.

Kabla ya kubonyeza "mchezo mpya" lakini, angalia kilichohifadhiwa. Mara nyingi utakuta jina la mtoto na saa zaidi ya mia za kazi yake. Kama muuzaji yuko mbele yako, mwonyeshe. Nimeona mama akishika simu na kupiga picha ya jina la mwanawe kwenye kioo kabla ya kuniuzia. Ni adabu ndogo, na haigharimu chochote.

Kanda kubwa za Super Nintendo, Nintendo 64 na Mega Drive huwezi kuzipima shambani, ila unaweza kuzisoma. Meno yawe na rangi ya dhahabu, hata yakiwa machafu. Uchafu mweusi hutoka, unga wa kijani ni kutu na ni hatari zaidi. Tikisa taratibu, pasisikike kitu kinachogonga ndani. Tazama skrubu: za Nintendo na Sega zina kichwa cha ajabu kisichofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Ukikuta skrubu ya msalaba, kuna aliyefungua, na huenda bodi ya ndani si yake.

Kukagua diski

Hapa watu wengi hutupa halisi na kununua feki, kwa sababu ya rangi. Diski ya PlayStation ya kwanza ni nyeusi chini. Za PS2 ziko za aina mbili: zilizochapwa kama DVD ni za fedha, zilizochapwa kama CD ni za buluu, na zote mbili ni halisi. Iliyochomwa nyumbani huwa na rangi ya kijani hafifu au zambarau, na mara nyingi unaona mpaka pale maandishi yalipoishia. Uhakika zaidi uko kwenye duara dogo la katikati, ambapo kiwanda huacha namba zake. Gemu za PlayStation za Ulaya zinaanza na SLES au SCES. SLUS na SCUS ni za Marekani, SLPS na SLPM za Japani. Msomaji aliyeko nyumbani mwenye PS2 iliyochipiwa hasumbuliwi na herufi hizo, lakini kwa mashine isiyoguswa zinaamua kama gemu itawaka.

Dreamcast ni rahisi kuliko zote. Diski yake halisi ukiigeuza ina sehemu mbili zinazotofautiana rangi, zilizotenganishwa na mkanda mwembamba. CD iliyochomwa haina mkanda huo, nayo Dreamcast nyingi huikubali, kwa hiyo kuwaka peke yake si ushahidi.

Kuhusu mikwaruzo, usiogope nywele nyembamba za upande wa chini. Mashine ya kung'arisha inaziondoa. Ogopa upande wa lebo. Kwenye CD data iko chini tu ya rangi ya lebo, na mkwaruzo wa huko umeshakula gemu yenyewe. Iinue diski mbele ya jua: ukiona vitundu vya mwanga, iache. Kisha tazama kama diski ndiyo ile iliyoandikwa kwenye kasha. Nyumba yenye watoto watatu huchanganya kila kitu, na ndani ya kasha la gemu ya pauni 1 unaweza kukuta ya pauni 40, au kinyume chake.

Kukagua mashine

Fungua kwanza mahali pa betri. Unga mweupe kwenye chuma ni betri iliyovuja. Kidogo kinasafishika kwa siki, kingi kimeshakula waya. Mashine ya umeme, inusa. Harufu ya kuungua haina tiba ya bei rahisi. Plastiki ya kijivu iliyogeuka njano ni ya kawaida kwa Super Nintendo, ni kemikali za kuzuia moto na mwanga wa jua, haipunguzi kazi yoyote.

Nintendo 64 ina mfuniko mdogo mbele ya sehemu ya kanda. Uinue. Ukikuta kifaa chenye kichwa chekundu, hicho ni Expansion Pak, memori ya ziada ya megabaiti 4 ambayo Donkey Kong 64 na Majora's Mask haziwezi kuanza bila hiyo. Ukikuta cheusi tu, ni kifaa cha kawaida. Ukikuta tundu tupu, mashine haitawaka mpaka ununue kimoja. Halafu shika pedi: mpini wake wa katikati ukilegea na kuangukia pembeni, umeliwa na miaka, na hilo ni punguzo la bei.

Zipo za kuwa nazo makini. Game Gear ya Sega ina kapasita zinazovuja karibu zote, hivyo sauti hupotea na kioo hufifia. Nunua tu kama una fundi. Xbox ya kwanza ina kapasita ya saa inayomwaga tindikali kwenye bodi, ambayo hutolewa kabla haijaharibu, na matoleo mengi yanaendelea bila hiyo. Kompyuta ya Amiga 500 Plus ina betri iliyolehemiwa inayofanya madhara hayohayo. NES inayowaka na kuzima taa mara nyingi haijafa. Meno ya ndani yamechoka na chipu ya ulinzi inakataa kuisoma kanda, na kuyasafisha au kubadilisha sehemu hiyo humaliza kesi.

Kuhusu adapta nasisitiza kwa nguvu zangu zote: usichomeke kwa sababu tu plagi imeingia. Adapta ya NES na Super Nintendo ya Ulaya inatoa volti 9 za AC. Mega Drive ya kwanza inataka DC, na plagi inafanana. Ukizichanganya unaua mashine iliyoishi zaidi ya miaka 30. Ya Commodore 64 ya asili ni mbaya zaidi, maana ikizeeka hupandisha volti na kuunguza chipu; tumia mpya.

Kupatana bei

Waingereza hawapatani kama Kariakoo. Ukianza na robo ya bei, wengine huudhika na kurudisha kitu ndani ya gari. Njia inayofanya kazi ni kukusanya: weka pamoja mashine, kanda, pedi mbili na rundo la waya, kisha uulize ungeuziwa yote kwa bei gani. Muuzaji anataka kurudi na buti tupu, naye atakata mwenyewe. Ukishasikia, sema namba moja iliyo karibu na unyamaze.

Hapa nina msimamo. Bibi akikuuzia kwa pauni 2 kitu unachojua ni cha pauni 100, na hajui, mwambie. Unaweza kumpa 40, ukabaki na nafuu yako, naye akaondoka akijua hakuibiwa. Mchuuzi anayejua bei zake, huyo patana naye mpaka mwisho.

Kumbuka pia kwamba ulinzi wa mnunuzi chini ya sheria ya haki za walaji ya 2015 unamhusu mfanyabiashara. Mtu binafsi anadaiwa tu kukueleza kitu kwa ukweli. Kwa hiyo muulize waziwazi kama inafanya kazi, na usikilize jibu: "ilifanya kazi mara ya mwisho" maana yake hajaijaribu.

Siku za kati ya juma zunguka maduka ya hisani, Oxfam, British Heart Foundation na mengine. Mengi siku hizi hupeleka gemu za thamani mtandaoni, hivyo rafu hubaki na za kawaida, lakini diski za PS2 na Wii hazikosekani.

Ukifika nyumbani

Usipulize kanda. Unyevu wa pumzi huleta kutu, hata Nintendo wenyewe walikataza. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua meno, geuza upande, rudia mpaka pamba itoke safi, acha ikauke. Hilo peke yake hufufua nyingi "zilizokufa".

Kwa usafi wa ndani nunua bisibisi mbili maalumu: milimita 3.8 kwa kanda na 4.5 kwa mashine. Ni rahisi na utazitumia miaka yote. Kubadilisha betri ya kanda kunataka betri yenye masikio ya kulehemu. Usiibane kwa utepe wa gundi. Betri ikitoka, kilichohifadhiwa kinatoka nayo.

Kupeleka nyumbani

Betri za DS, PSP na Game Boy Advance SP ni za lithiamu. Za akiba ziwe kwenye begi la mkononi, kamwe zisiwe kwenye mzigo wa chini wa ndege. Betri ya PSP iliyovimba usisafiri nayo kabisa. Kanda zifunge kwenye soksi, mashine katikati ya nguo, na kila adapta iandike kwa kalamu ya rangi ni ya mashine gani, kwa sababu atakayefungua mzigo Mombasa au Mwanza hatakuwa na wewe pembeni.

Waya nazo zipunguze: waya mmoja wa AV unatumika Super Nintendo, Nintendo 64 na GameCube, na mwingine mmoja PlayStation zote tatu za mwanzo. Kama nyumbani kuna TV ya chogo imekaa stoo tangu ving'amuzi vilipoingia, mwambie mtu asiitupe. Bunduki za gemu kama ile ya Duck Hunt hufanya kazi kwenye chogo tu, na picha ya kanda inatulia kuliko kwenye kioo bapa. Kama iliyopo ni bapa na haina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe, weka kwenye mzigo kibadilishi cha AV kwenda HDMI, na ukipime kwanza huku Uingereza: vile vya bei ya chini kabisa huchelewesha picha, na kwenye Sonic au Street Fighter utaisikia tofauti hiyo kidoleni.